Usiizike Injini Kabla Hujaifungua

Wekeni simu chini, vijana. Na kile kifaa chenu cha kuchomeka chini ya usukani, kile kinachowaambia gari linaumwa wapi, nacho kiwekeni kando kidogo. Sikidharau. Ningekuwa na umri wenu ningekinunua hata kwa kuuza viatu. Lakini injini ninayotaka kuwasimulia leo haikuwa na mahali pa kuchomeka kitu. Ilikuwa na kutu, mayai ya kuku na mizizi ya maboga, na mpaka leo nikiikumbuka moyo unanienda mbio, wallahi!

Naitwa Ramadhani, Fundi Rama kwa watu wa Gisenyi. Nimefungua injini mjini hapa mpaka magoti yakagoma. Mama yangu alikuwa mtu wa Ujiji, na alikuwa ananifinya nikisema "mutu" badala ya "mtu", ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo kuliko cha wenzangu wa huku. Mkinisikia nachanganya, jueni ni gereji za Goma hizo, nazo zilinilea.

Swali mnaloniletea kila wiki ni lilelile. Kijana anakuja na picha: injini imekaa nje miaka, nyekundu kwa kutu, boliti zimevimba kama maandazi. "Mzee Rama, hii inafaa au tuipeleke feray?" Feray, yaani vyuma vya kuuza kwa kilo. Na mimi nawajibu vilevile: picha haina harufu. Nipelekeni nikainuse.

Kutu ya nje isiwatishe. Nimewahi kuona injini iliyopakwa rangi mpya, inameremeta kama bwana harusi, kumbe bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukitaka kujua kama injini inafaa kufufuliwa, uliza mambo matatu tu: bloku ni nzima? Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni nzima? Vipuri vyake bado vinapatikana Goma au Kigali? Hayo matatu yakikubali, mengine yote ni jasho na subira. Na kosa la kwanza la fundi kijana ni mkono kukimbilia ufunguo.

Kosa hilo nalijua vizuri kwa sababu nililifanya. Nilikuwa najifunza kazi Goma, kwa Papa Anselemu, mzee mfupi aliyesikiliza injini kwa kung'ata turnavisi, yaani bisibisi: ncha moja kwenye chuma, nyingine kati ya meno, macho yamefumba. Siku moja hayupo, likaletwa gari lililolala muda mrefu. Nikataka kuonekana mwanaume. Nikafunga betri, nikazungusha ufunguo. Kumbe silinda moja ina maji, na maji hayakubali kubanwa, hayo si hewa. Pah! Mtaa mzima uliruka. Mteja mmoja alitoka mbio kwa kinyozi wa jirani nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina, akavuka barabara akidhani vita imeanza. Mkono unaoshika pistoni ulipinda kabisa.

Papa Anselemu aliporudi hakunigombeza. Aliutoa ule mkono, akautia kamba, akanivika shingoni mwezi mzima. Ijumaa nikaingia nao msikitini, unagonga sakafu kila nikisujudu. Imamu akaniuliza, "Ramadhani, hiyo ni hirizi?" Nikamwambia, "Hapana, shehe, ni haraka yangu." Tangu siku hiyo sijawahi kuwasha injini iliyolala kabla ya kuizungusha kwa mkono.

Papa Anselemu alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka likachosha. "Mutu mwenye anasema 'imekufa' mbele ya kufungua, ule haiko fundi. Ule ni mutu wa kuchimba kaburi." Nililisikia kwa masikio haya mawili. Nikalikariri. Kisha siku moja, mbele ya watu, nikalivunja, na mtu mwingine ndiye aliyelipia.

Huyo mtu ni Bosco. Alikuwa dereva wa lori dogo la dizeli la baba mkwe wake, Mzee Gaetani, mkulima wa viazi wa Kanama. Bosco alikuwa anashusha viazi mjini, na kwa kurudi alikuwa anapitia Rubona kubeba kreti za chupa tupu za bia, nyingine ndani ya kabini. Siku hiyo lori lilimfia kwenye mlima wa Kanama, moshi mweupe, joto, halitaki tena kugeuka. Nikaitwa. Nikafika kwa moto, pikipiki ya kukodi, watu wamejaa barabarani, na Mzee Gaetani mwenyewe yupo na fimbo yake. Nikafungua kifuniko cha rejeta: kavu. Nikaingiza kichwa kabini: inanuka bia, kwa sababu ya zile chupa. Na mimi nilikuwa fundi maarufu, nina watazamaji, nikaona nisipite bila kuchekesha.

Nikasema: "Bia imejaa kabini, maji hakuna kwenye rejeta. Mnataka niseme nini tena?"

Loo, walicheka! Hata makonda wa basi lililosimama walicheka. Bosco alikuwa anasema, "Niliweka maji, fundi, niliweka mi mwenyewe asubui," lakini nani anasikia mtu akinong'ona kwenye kicheko? Ulimi hauna mfupa. Nikapanda moto nikarudi zangu mjini, nimejaa sifa.

Lori likavutwa mpaka nyumbani kwa Mzee Gaetani, likaegeshwa nyuma ya ghala la viazi. Bosco akanyang'anywa ufunguo, akaenda kuwa motari, anaendesha pikipiki ya mtu mwingine. Na ule mzaha wangu ukabaki Kanama ukiwa hukumu. Kila harusi, kila ubatizo, bia ya ndizi ikizunguka ikifika kwa Bosco, Mzee Gaetani anasema kwa sauti, "Huyo mumupe Fanta." Mwanaume mzima, mbele ya watoto wake, anashika chupa ya Fanta na watu wanatazama pembeni. Miaka tisa.

Jumapili moja, nimeshastaafu, nimekaa barazani napaka magoti mafuta, akaja Devota, mke wa Bosco, binti wa Mzee Gaetani huyohuyo. Nikamkaribisha kiti, hakukaa.

"Papa Rama, muzee anauzisha lori. Mutu wa feray anakuja samedi na mashine ya kukata."

"Jumamosi? Afadhali," nikasema. "Limeoza lile."

"Haiko afadhali! Bakiisha kuikata, njo basi, hakuna tena mwenye atajua kitu. Mi nataka ufungue ile moteri kabla bakate. Bosco anasema aliweka maji. Miaka tisa anasema aliweka maji. Kama ni uongo, nijue niko na mubongo ndani ya nyumba, nizoee. Kama si uongo..." Akakaza kitenge chake kiunoni.

"Devota, mwanangu, mimi mwenyewe nililiona lori siku ileile."

"Uliona, ndiyo. Ulifungua?"

Vijana, kuna maswali yanayokupiga kofi bila mkono. Nikaenda ndani kutafuta sanduku langu la spana.

Jumatatu asubuhi Bosco alinipandisha Kanama kwa ile pikipiki ya kazi. Njiani nilimshika kiuno kwa aibu. Kufika, ninaona nini? Maboga yamepanda mlango wa abiria mpaka juu ya paa. Kuku ametaga kwenye kiti cha dereva na anatutazama kwa hasira. Boneti inafunguka huku inalia. Na ndani, injini imevaa kutu kutoka kichwani mpaka miguuni. Mzee Gaetani akatoka na kofia yake pana.

"Fundi, umekuja kunusa maiti?"

"Nimekuja kunusa, mzee. Kama ni maiti nitakuambia."

"Ulishaniambiaka."

Nilianza kuzunguka lori polepole, na hapo ndipo nilipoona jambo la kwanza lililonisisimua. Lori hilo bomba lake la moshi linapanda wima nyuma ya kabini, kwa ajili ya matope ya huko. Bomba la namna hiyo likiachwa wazi mvua inaingia moja kwa moja, na kwa mvua za Kanama miezi miwili inatosha kuua silinda. Lakini juu ya bomba palikuwa na kopo la nyanya, limefunikwa na kufungwa kwa waya. Na kopo lilikuwa jipya! Chini, kwenye nyasi, nikaokota mengine, sita au saba, yameliwa na kutu, moja baada ya jingine.

"Mzee, nani anabadilisha haya makopo?"

"Makopo gani?"

Bosco akatazama chini. "Ni mi," akasema. "Kila mvua ya kwanza. Moja ikioza, ninaleta ingine."

Alikuwa anapanda kutoka mjini, mtu asiyeruhusiwa kugusa lori, anavalisha bomba kofia, anashuka. Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikampigia kelele alete spana ya kumi na saba, maana ndivyo mafundi tunavyokumbatiana.

Sasa kazi. Sikilizeni vizuri hapa. Betri hata usiilete karibu. Toa enjekta zote, pole pole, ukilainisha kwanza kwa dizeli, kwa sababu enjekta iliyovunjikia ndani itakulaani. Kisha changanya mafuta ya breki na dizeli, mimina ndani ya kila silinda kikombe kidogo cha kahawa. Halafu nenda ukale. Nenda ukalale. Mchanganyiko huo unaingia kwenye kutu kidogo kidogo, na fundi akiukimbiza anapata hasara. Kila jioni nilitia boliti kubwa ya mbele ya krenki spana yenye bomba refu, nikajaribu, si kwa nguvu, kidogo nyuma, kidogo mbele, kama unavyofungua mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Jumatatu, hapana. Jumanne, hapana. Jumatano Mzee Gaetani alipita akasema, "Hata ng'ombe aliyekufa hapewi dawa."

Alhamisi Bosco ndiye aliyekuwa ameshika bomba. Akasukuma, akasimama ghafla.

"Fundi. Imetikisika."

"Ni boliti inateleza."

"Hapana, fundi, iko inatembea! Kuja uone!"

Nikaweka kidole kwenye puli. Akasukuma tena. Ikasogea unene wa ukucha. Ukucha tu! Tukarukaruka kama watoto waliopata mpira, magoti na yote. Devota akatoka jikoni na mwiko mkononi, kuku akakimbia mayai yake, na mimi napiga makofi nasema Alhamdulillahi, Alhamdulillahi! Kufika jioni krenki ilikuwa inazunguka duara zima, nzito lakini laini, haikwaruzi popote. Swali la pili limejibiwa: krenki ni nzima.

Ijumaa nikafungua boliti ya chini ya mafuta. Yakatoka maji kwanza, vikombe viwili hivi, ndipo mafuta yakafuata. Hiyo inakuambia kwamba kati ya kichwa cha injini na bloku, mahali fulani gasketi iliungua, maji yakapita. Vizuri. Gasketi ni karatasi, inanunuliwa. Bloku ndiyo swali, na bloku huioni mpaka uondoe kichwa. Boliti za kichwa zilitusumbua mpaka magharibi ikaingia. Tukaacha mbili za mwisho.

Jumamosi asubuhi mtu wa feray alikuwa amefika kabla yetu, na mitungi yake ya gesi kwenye kigari, na wanaume wawili wa kubeba. Alikuwa mtu mcheshi, ana haraka. Mzee Gaetani amekaa kwenye kigoda, fimbo kati ya magoti. Majirani wamejaa, maana Kanama habari haihitaji redio. Tukatoa boliti mbili, tukashika kichwa mimi na Bosco na Devota, tukanyanyua.

Gasketi imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, kama nilivyosema. Lakini macho yangu hayakukaa hapo. Kuzunguka silinda kuna vitundu vya maji, ndimo maji ya rejeta yanamopita kuipoza injini. Kidole chako kidogo kinatakiwa kuingia. Vilikuwa vimezibwa. Jiwe jeupe, gumu. Nikachokoa kwa turnavisi, kikaanguka kipande kinene kuliko ganda la yai. Nikachokoa kingine. Kote ni jiwe.

Nikakaa chini kwenye nyasi.

Nyinyi mnaijua Rubona, mnajua yale maji ya moto yanayochemka yenyewe kando ya ziwa. Watu wanakwenda kulowesha mifupa, wanachemshia mayai, wagonjwa wa mgongo wanarudi wanatembea. Basi zamani, nikiwa na gereji yangu, nikapata wazo nililoliona ni la akili sana. Asubuhi za Kanama ni baridi, dizeli zinawaka kwa taabu. Nikawaambia madereva wanaopita Rubona: jazeni rejeta kwa maji ya chemchemi. Injini haitashtuka. Maji yanayoponya mifupa ya watu yatashindwaje na chuma? Wakajaribu, injini zikawaka vizuri asubuhi, wakanisifu. Wakayaita "dawa ya Rama". Mimi nikafurahi, nikawaambia wengine. Sikufikiria kwamba maji yanayotoka chini ya ardhi yanatoka na jiwe lililoyeyuka ndani yake, na kila yakichemka jiwe linabaki. Birika la chai nyumbani kwangu lilikuwa linanionyesha ule ukoko mweupe kila asubuhi, na mimi nakunywa chai tu.

Bosco alitia maji. Aliyatia kwa uaminifu, kila safari, yale niliyomwagiza. Yakaziba njia pole pole, mpaka siku ile mlimani hayakuwa na pa kupita, yakachemka, yakatoka yote kwa mvuke, rejeta ikabaki kavu. Kisha mimi nikaja kwa moto, nikafungua kifuniko, nikachekesha watu.

Mtu wa feray akasema, "Bon, fundi, sema neno moja tu tuanze kazi. Imekufa?"

Sitawadanganya. Neno hilo lilikuja mpaka kwenye meno. Imekufa. Ni neno moja, mitungi ifunguliwe, moto uwake, mpaka mchana vipande vyote viko kwenye gari lake na hakuna mtu duniani atakayejua. Nilimtazama Bosco. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia, anasubiri, hata hajui kuna jiwe. Nilimtazama Devota, na yeye alikuwa ananitazama mimi, si injini. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikasimama. "Mzee Gaetani, miaka tisa iliyopita nilisema uongo juu ya mkwe wako. Sikujua ni uongo, lakini sikufungua, kwa hiyo ni uongo." Nikachukua kile kipande cheupe, nikamtia mkononi. Nikaeleza chemchemi, nikaeleza dawa ya Rama, nikaeleza mlima. Sikuacha kitu. "Bosco alitia maji. Kosa ni langu."

Mzee Gaetani alikivunja kile kipande kwa kidole gumba, akakinusa, akakionja kwa ulimi. Bosco alikuwa amejifunika uso kwa kile kitambaa chenye grisi, mabega yanatikisika. Devota akaenda akasimama karibu yake, akamshika mkono mbele ya watu wote, mbele ya baba yake.

"Maneno ya watu tutayamaliza," Mzee Gaetani akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa ileile. "Moteri je? Iko muzima ama haiko?"

Ya Rabi! Fundi ukiulizwa swali hilo mbele ya mtu wa feray aliyewasha kiberiti, unapata nguvu za ujana! Nikafuta silinda zote. Nikapitisha ukucha juu chini, juu chini. Ukucha ukinaswa, silinda imelika. Ya kwanza, ukucha unateleza. Ya pili, unateleza. Ya tatu ina mikwaruzo midogo tu. Ya nne, unateleza! Zile kofia za nyanya ndizo zilizofanya hivyo. Kisha bloku. Nikaosha uso wote kwa mafuta ya taa, nikaacha yalowe, nikafuta mpaka pakauka. "Devota, niletee unga wa muhogo." Akaleta bakuli zima. Nikapaka unga mwembamba juu ya chuma kwa kiganja. Bloku ikiwa imepasuka, hata ufa usioonekana kwa macho, mafuta yaliyojificha ndani yake yanapanda na kuchora mstari kwenye unga. Tukasubiri. Kila mtu ameinama juu ya injini, hata mtu wa feray, kofia yake inataka kuangukia ndani.

Unga ukabaki mweupe. Hakuna mstari! Mtu wa feray ndiye aliyepiga kelele wa kwanza, "Iko muzima! Yewe, iko muzima kabisa!" kama vile lori ni lake na hakupoteza biashara ya siku nzima. Tukacheka mpaka machozi. Alifunga mitungi yake, akasaidia kulaza kichwa cha injini kwenye turubai, akaondoka na nusu gunia la viazi.

Likabaki jiwe. Kuchokoa lote haiwezekani, njia zingine zimejikunja ndani mkono haufiki. Linataka kitu kichungu cha kuliyeyusha, siki nyingi sana, na nikawa nahesabu kichwani duka gani mjini lina siki ya kutosha. Mzee Gaetani akaniuliza, "Siki ni kitu ya kuchacha?" Nikamwambia ndiyo. Akajikuna shingo. "Mi niko na urwagwa iliharibika. Jerikani nane. Nilikuwa mwenye kuimwaga."

Bia ya ndizi iliyochacha! Nikamwambia alete, alete yote! Tukaunganisha mipira, tukaziba, tukaimimina ndani ya injini ikiwa baridi. Mara ikaanza: fss, fss, fss, povu linapanda kwenye kila tundu, chuma kinachemka bila moto. Watoto wa Kanama walikaa mstari wanatazama. Kila siku tunatoa bia iliyogeuka uji wa kijivu, tunatia nyingine. Majirani walisema sasa kweli tumepata mlevi wa familia. Bosco alicheka nao, na nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Baada ya siku kumi maji ya mvua yaliingia juu yakatoka chini meupe safi, bila kusita. Tukaosha tena kwa maji na magadi ya kupikia, uchachu uishe usije ukala chuma. Msijaribu kuruka hatua hiyo.

Gasketi, pete za pistoni na mipira tulivipata Goma, Devota alivuka mpaka mwenyewe na sampuli kwenye kikapu cha maharage. Tukafunga. Siku ya kuwasha, kwanza nikaizungusha kwa mkono mizunguko minane, mnajua sababu. Kisha Mzee Gaetani akasema, "Bosco, panda." Bosco akapanda. Ikazunguka, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe wa miaka tisa, ikanyamaza. Ikazunguka tena. Nikang'ata turnavisi, ncha kwenye chuma, macho yamefumba. Nikasikia silinda ya kwanza inashika, ya nne, ya pili, halafu ya tatu, ile ya mikwaruzo, ikaja mwisho kama mtu aliyechelewa kanisani, na zote nne zikaanza kuimba! Nililia, vijana. Nililia na turnavisi mdomoni, sioni haya kusema. Mwezi uliofuata lori lilipita kontroli tekiniki, ule ukaguzi wa magari, na siku hizi mkimwona mwanaume anashusha viazi soko la mpakani asubuhi, anampigia kila mtu honi bila sababu, huyo ndiye Bosco.

Nilidhani nimemaliza. Lakini jioni ya siku ile ya kuwasha, watu wametawanyika, nikamwomba Mzee Gaetani msamaha tena, kwa unyenyekevu, nimevua kofia. Akanisikiliza.

"Mi nimekusamehe," akasema. "Lakini we hukusema kwangu nyumbani. Ulisema barabarani. Na ile dawa yako, uliipatia madereva wangapi?"

Sikuwa nimewahi kuwahesabu. Nikaanza usiku huo kuwaandika majina. Kumi na mmoja niliowakumbuka. Tangu wakati huo Bosco ananibeba kwa pikipiki ya kuazima siku anayopata nafasi, tunawatafuta. Mmoja tulimpata analinda hoteli ya ziwani. Alifukuzwa kazi kwa sababu ya gari lililochemka. Nilipomweleza alinitukana matusi ya Kinyarwanda ambayo sikuyajua na umri wote huu, kisha akaniomba tumpigie simu bosi wake wa zamani palepale, nikamweleza bosi kwa mdomo wangu. Mwingine alishafariki. Tulikaa na mjane wake na wanawe watatu, nikasema, na mtoto mkubwa akatoka nje, tukamsikia analia nyuma ya nyumba.

Tisa nimewapata. Wawili bado. Mmoja aliendesha kamioneti ya bluu, pikapu ya kubeba sambaza, wale dagaa wa ziwani, mwingine basi dogo la kuja mjini, na majina niliyonayo ni ya utani tu, hayanisaidii. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza hapa: kama baba yako aliwahi kuendesha gari, likamfia kwa joto mlimani, wakamwita mzembe au mlevi, na yeye mpaka leo anasema alitia maji, muulize leo hii aliyachota wapi. Akikuambia Rubona, kwenye chemchemi, usicheke. Mkalishe vizuri, umwambie kosa lilikuwa la Fundi Rama, na kwamba nipo hai, nasubiri aje anitukane mwenyewe.